Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi, LATRA, TBS na TANROADS: basi likizidi uzito na abiria wake halali, arudishiwe aliyelitengeneza

Shikamooni wakuu wangu. Naandika kwa Mheshimiwa Waziri wa Uchukuzi, kwa wakuu wa LATRA wanaotoa leseni za mabasi, TBS wenye viwango na TANROADS wenye mizani ya barabarani, na kwa Mkuu wa Kikosi cha Usalama Barabarani, nimewaweka wote kwenye barua moja makusudi kwa sababu hili jambo kila mmoja wenu ameshika kipande chake na hakuna aliyeshika lote. Mimi ni fundi springi hapa Msamvu, Morogoro, mabasi ya Mbeya, Iringa, Dodoma, Singida, Mwanza yote yanapita hapa kwetu na yakivunjika springi usiku sisi ndo tunaamshwa. Sio msomi wa sheria ila chini ya basi nimekaa miaka mingi na nayoandika hapa ni ya kutoka huko chini.

Ombi langu naliweka mwanzoni kabisa ili hata mkiishia hapa mlijue. Basi likipanda mizani likiwa na abiria wa kwenye siti tu, hakuna aliyesimama, na mabegi yao ya kawaida, halafu ekseli, yaani mhimili unaoshika tairi, ikazidi uzito unaoruhusiwa, hilo sio kosa la dereva wala la konda. Hilo basi lina kasoro tangu lilipotengenezwa, na linatakiwa liitwe lirudi kwa aliyelitengeneza au aliyeliingiza nchini, pamoja na mengine yote ya aina yake, kwa gharama yake yeye. Leo hatufanyi hivyo. Leo tunaandika faini, tajiri analipa au anamkata dereva, basi linaendelea na safari vile vile lilivyo, na kesho linapanda tena mizani ile ile.

Kila anayesafiri njia ya Dar kuja huku anajua kinachotokea mkikaribia mizani ya Vigwaza au Mikese. Konda anasimama katikati anatangaza, abiria wa siti za nyuma naomba tusogee mbele kidogo tunapanda mizani. Watu wanainuka, mama na mtoto mgongoni, mzee na fimbo yake, wanajazana pale kwa dereva na mlangoni, wengine wanakanyaga mabegi, basi linapanda pole pole, tairi za mbele, kisha za nyuma, linaruhusiwa. Likishuka tu kila mtu anarudi kwenye siti yake na uzito umerudi pale pale ulipokuwa. Kuna wakati abiria wanashushwa kabisa wanatembea kwa miguu wanalikuta basi ng'ambo. Jamani, mizani imepima nini hapo? Imepima basi ambalo halipo barabarani. Basi lililopo barabarani ni lile lenye watu waliokaa mahali walipouziwa tiketi.

Na silaumu dereva kwa hilo, kiukweli wala konda simlaumu sana, maana ukichukua kalamu ukapiga hesabu unaona hawana njia nyingine. Naomba tupige pamoja.

Sheria ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari, ile ya 2013 ambayo sisi tumeanza kuitumia 2019, inasema ekseli ya mbele ya kukatia kona mwisho tani 8, na ekseli moja ya nyuma yenye tairi nne mwisho tani 10. Kwa hiyo basi la ekseli mbili jumla yake tani 18. Chukua basi la mita 12 la injini nyuma, likiwa tupu lakini na mafuta yake ni tani 12 na nusu hivi, wengine wanakuja wazito zaidi kwa ajili ya AC, friji, kioo cha tivii na choo. Weka siti 60. Wenzetu Ulaya wakipiga hesabu ya basi wanamhesabu mtu mmoja kilo 68, basi tutumie hiyo hiyo, watu 60 ni kilo 4,080. Kila mtu mpe kilo 20 za begi, na nyie mnajua Mtanzania anayekwenda nyumbani Disemba habebi kilo 20, lakini tumpe 20, hiyo ni kilo 1,200. Jumla tumefika kilo 17,780. Hapo umebakiwa na kilo 220 tu kabla hujagusa 18, na bado hujapakia hata kifurushi kimoja cha biashara.

Hiyo ni jumla. Sasa njoo kwenye ekseli maana ndiko shida ilipo. Basi la injini nyuma uzito mwingi unalala nyuma, hata ukisema kwa upole kabisa asilimia 60 tu iko nyuma unapata kilo 10,668. Ruhusa ni 10,000, na ule uvumilivu wa asilimia 5, kiasi ambacho mizani inasamehe, unakupeleka 10,500. Limezidi. Abiria wote wana siti, wote wana tiketi, hakuna aliyekaa kwenye ndoo katikati, hakuna gunia, na limezidi. Ndo maana konda anawaamsha watu waende mbele, hana namna nyingine.

Sasa hapa nataka wakuu mnisikilize vizuri kwa sababu kuna kitu nadhani ofisini hakionekani. Namba ya mizani na namba ya basi ni vitu viwili tofauti. Tani 10 za nyuma zimewekwa kwa ajili ya lami, na ni sawa kabisa, ekseli ikizidi kwa asilimia 20 lami inaumia karibu mara mbili, hilo mainjinia wa TANROADS wanalijua kuliko mimi. Lakini ekseli yenyewe ya nyuma kwa mabasi mengi imetengenezwa kubeba zaidi ya tani 10, Ulaya ekseli ya kuvuta inaruhusiwa mpaka 11 na nusu, na toka 2015 basi lao la ekseli mbili linaruhusiwa mpaka tani 19 na nusu jumla. Kwa hiyo basi lililochorwa kwa kufuata barabara za watu likiletwa huku likajazwa siti linakuwa na makosa toka siku ya kwanza. Mwenye makosa ni nani? Aliyelinunua kwa mkopo wa benki akaambiwa siti 60, au aliyemuuzia akijua linakwenda kutembea Tanzania?

Na mbele ni kinyume chake, mbele ndo kunanitisha zaidi. Mizani inaruhusu tani 8 mbele. Tairi ambayo mabasi yetu mengi wanafunga ni ile 295/80 R22.5. Nendeni stendi yoyote muiname musome ubavuni, mtakuta imeandikwa 152/148. Ile 152 maana yake tairi moja ikifungwa peke yake inabeba kilo 3,550, basi. Mbele zipo mbili, ni kilo 7,100, na hapo ziwe mpya na upepo uwe kamili. Sasa mizani ikimpitisha mtu mwenye kilo 7,900 mbele, anapewa karatasi ya kwamba yuko sawa, wakati tairi zake zimezidiwa kilo 800. Na wengine wanafunga 11R22.5 zenye 148, hizo kilo 3,150 moja, yaani 6,300 zote mbili. Halafu wale abiria wa nyuma ambao konda amewaambia wasogee mbele wamekwenda kusimama juu ya tairi zipi? Hizo hizo.

Tairi iliyozidiwa haipasuki pale pale. Inatembea inakunjuka na kunyooka, inakunjuka na kunyooka, inapata joto ndani, nyuzi zinaachana na mpira, inatoka Dar iko salama na kupasuka inakuja kupasukia Same au Mikumi kwenye jua la saa nane. Juni 28, 2025 pale Sabasaba wilayani Same basi na gari dogo la abiria ziligongana zikawaka moto, wakafa watu zaidi ya 35, na maelezo ya kwanza kabisa yaliyotolewa yalitaja tairi la basi. Sisemi basi lile lilizidi uzito. Nasema kila tairi la mbele la basi likipasuka, swali la kwanza kabla ya mwendo na kabla ya uzembe wa dereva liwe lilikuwa limebeba kilo ngapi na liliandikwa libebe ngapi. Hesabu hiyo inawezekana, karatasi za mizani alizopitia njiani zipo.

Kuhusu buti sasa. Hapa nitakaa kidogo.

Watu wa Ulaya wakipiga hesabu ya uzito wa basi la safari ndefu wanachukua buti, wanapima ujazo wake, kila mita moja ya ujazo wanaipa kilo 100. Kilo 100 kwa sababu wao wamefikiria masanduku ya nguo yenye nafasi nafasi. Sisi mita moja ya ujazo ya buti tunaijaza mchele wa Kyela, na mita ya ujazo ya mchele ni zaidi ya kilo 700. Buti la mita 8 ambalo aliyelichora alifikiria litabeba kilo 800, ukilijaza mchele au maharage mpaka mlango ufungwe kwa goti ni zaidi ya tani 5 na nusu, uzito wa abiria 80. Wala haionekani! Abiria akisimama katikati kila mtu anamuona, trafiki akichungulia dirishani anamuona, konda anamwambia achuchumae. Gunia kwenye buti halichuchumai, limekaa tu.

Na mzigo ukiwekwa nyuma ya tairi za nyuma ni mbaya kuliko uzito wake. Basi ambalo kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma ni mita 6, ukiweka kilo 100 mita 2 nyuma ya ekseli ya nyuma, ile ekseli haibebi kilo 100, inabeba 133, na zile 33 zinatoka mbele, yaani mbele panainuliwa. Kwa hiyo unaongeza mzigo nyuma na unampunguzia dereva uzito wa usukani. Dereva wa basi lililolemewa mkia atakwambia mwenyewe, usukani unakuwa mwepesi, linaogelea. Kwenye mteremko wa Kitonga au Sekenke usukani mwepesi sio raha hata kidogo.

Sasa niwaambie wanachofanya matajiri wakiona basi limelala nyuma. Wanatuletea sisi. Fundi ongeza pleti ya springi linakaa chini. Na huko mitaani wapo wanaoongeza, pleti mbili tatu, yubolti ndefu, basi linanyanyuka linasimama vizuri, trafiki akiliangalia kwa macho halijalala, safi. Lakini springi ikiongezwa breki hazijaongezwa, bearing za ndani ya hub, pale tairi linapofungwa, zimebaki zile zile, ekseli na tairi navyo ni vile vile. Kilichobadilika ni kwamba basi limenyamazishwa lisionyeshe kwamba limezidiwa.

Kuna basi lililetwa kwetu alfajiri moja, jina la kampuni nalihifadhi, pleti mama ya springi ya nyuma kushoto, ile kuu, imekatika pale kwenye tundu la senta bolti. Ukishika kipande mkononi unasoma historia yote. Sehemu kubwa ya mpasuko ilikuwa na kutu, rangi ya chai, na sehemu ndogo pembeni inang'aa kama shilingi mpya. Maana yake ufa ulikuwepo siku nyingi, umekuwa ukitembea taratibu kila basi likiruka tuta, na ile sehemu inayong'aa ndo iliyokuwa imebaki inashikilia ekseli mpaka usiku ule. Mpira wa kuzuia ekseli isigonge chesisi ulikuwa umechapwa mpaka umekuwa bapa. Dereva, kijana mstaarabu tu, aliniambia fundi hili nikitoka nalo Dar na watu wa siti tu linagonga huko nyuma, na nimeshasema ofisini nimechoka. Nikamuuliza wenzako wenye basi kama hili? Akasema yote. Yote yaliyokuja kwa pamoja yanagonga.

Hayo maneno ya yule kijana ndo yamenifanya niandike. Kwenye nchi yenye utaratibu, "yote yanagonga" ndo neno linaloanzisha wito wa kurudisha magari. Huku kwetu limeishia kwenye gereji, kati ya fundi na dereva, saa kumi na moja alfajiri.

Marekani mtengenezaji akishajua gari lake lina kasoro ya usalama au halijafikia kiwango, ana siku 5 za kazi kuipa taarifa mamlaka yao ya usalama barabarani, na ana siku 60 za kuwaandikia wenye magari, na matengenezo anafanya bure. Na sio kwa injini na airbag tu. Kampuni za kuunda mabasi kule zimewahi kurudisha mabasi kwa sababu hii hii tunayoongea, kwamba siti zote zikijaa na mizigo ikiwekwa, ekseli inazidi namba iliyoandikwa kwenye kibati chake. Hakuna mtu aliyesubiri lianguke, hesabu tu kwenye karatasi ilitosha. Kuna wengine walipunguza siti, wengine walibadilisha springi na tairi kwa zenye uwezo, wengine walitoa kibati kipya chenye idadi sahihi ya watu.

Na sisi tusiseme hatuna sheria. Sheria ya Ushindani ya 2003 inazungumzia usalama wa bidhaa na kurudishwa kwa bidhaa hatari. LATRA ndiye anayetoa leseni ya basi na anajua lina siti ngapi. TBS ana viwango na anakagua magari yanayoingia. TANROADS ana mizani na kila namba ya gari iliyopita imeandikwa na uzito wa kila ekseli. Polisi ana taarifa za ajali na ukaguzi. Kila kitu kipo jamani! Kilichokosekana ni meza moja ambayo hizi karatasi nne zinakutana. Mtu wa mizani hajui basi linaruhusiwa siti ngapi, mtu wa leseni hajui lilipima ngapi Vigwaza.

Nakumbuka Oktoba 2013 Magufuli akiwa Waziri wa Ujenzi alipofuta ile asilimia 5 ya uvumilivu, malori yakagoma, foleni ikawa ndefu kweli kweli, mpaka Waziri Mkuu Pinda akaingilia kati. Nchi nzima iliongea habari ya asilimia 5 kwa sababu ilihusu lami na pesa. Natamani tuongee kwa nguvu ile ile sasa habari ya kilo zinazokaa juu ya tairi za mbele za basi lenye watu 60.

Magari madogo nayo msiyasahau, maana mengine hayapiti hata hiyo mizani. Coaster, Rosa, Hiace. Hizi tunaziagiza zikiwa zimetumika Japani, na Japani wakiandika uzito wa jumla kwenye kadi ya gari wanamhesabu abiria mmoja kilo 55. Coaster ya watu 29 kwa hesabu yao watu ni kilo 1,595. Kwa kilo 68 watu hao hao ni 1,972. Bado hujaweka zile siti za kukunja katikati, hujaweka waliosimama, hujaweka ndoo za samaki juu ya keria. Na gari likishatoka Japani, mtengenezaji akiita magari ya aina hiyo yarudi kwa kasoro, barua inakwenda kwa mwenye gari wa Japani ambaye alishaliuza, mwenye gari wa Mbagala au wa Kahama hajui chochote. Namba ya chesisi ni ile ile lakini barua haimfikii.

Mei 6, 2017, Rhotia pale Karatu. Watoto wa shule ya Lucky Vincent, darasa la saba, wanakwenda kufanya mtihani wa pamoja na shule nyingine. Kwenye Rosa moja walikuwemo watu 38. Gari likapata ajali, wakafa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva, wakapona watoto 3. Nchi nzima tulilia. Mimi kama fundi nilichokuwa najiuliza siku zile na najiuliza mpaka leo, kwenye lile gari kulikuwa na kibati chochote, mahali popote, kwa Kiswahili, ambacho mwalimu mkuu au mzazi angeweza kukisoma asubuhi ile kikamwambia gari hili mwisho watu kadhaa na mwisho kilo kadhaa? Nenda kaangalie magari ya shule ya leo. Utakuta stika ya rangi ya njano na jina la shule.

Wamarekani toka 2001 waliwaonya watu wao kuhusu zile van za abiria 15, kwamba zikibeba watu 10 au zaidi uwezekano wa kubiringika ajali ikitokea moja tu unapanda karibu mara tatu, kwa sababu uzito unapanda juu na kurudi nyuma. Hapo ni watu 10 ndani ya gari la watu 15, yaani halijajaa bado. Hiace zetu za vijijini zinabeba 15 zikiwa zimeanza kupakia.

Sasa wakuu, najua mtasema wamiliki wa mabasi watalia. Wacha niwatetee kidogo. Tajiri wa basi sio adui wa hii habari, wengi wao wangefurahi. Anayenunua basi mamia ya milioni halafu kila wiki analipia mizani, springi, tairi na hub, huyo ameuziwa kitu kisichofaa na hana pa kwenda. Akimrudia wakala anaambiwa umejaza mizigo. Na kweli kuna wanaojaza, hilo siwezi kulikataa, na hao wakamatwe. Ila ndo maana nasema kipimo kiwe basi likiwa na abiria wa siti na mabegi yao tu, hapo wakala hana cha kusingizia. Wapo waliokwisha hamia kwenye mabasi ya ekseli tatu na shida hii imewapungua sana, lakini hayo ni bei nyingine na sio kila mtu ataweza, kwa hiyo yale ya ekseli mbili yaliyopo lazima yawekwe sawa.

Na mabodi yanayojengwa hapa hapa nyumbani na kwa majirani yaingie pia kwenye huu utaratibu. Mtu akichukua chesisi akajenga bodi juu yake yeye ndo mtengenezaji wa mwisho, apime gari likiwa tupu mbele na nyuma, aandike, asaini. Sasa hivi bodi linatoka gereji limependeza, taa za rangi, maandishi, hakuna aliyelipandisha mizani hata mara moja kabla ya kuomba leseni.

Ninachoomba kifanyike kinaweza kuanza bila sheria mpya. LATRA asitoe leseni ya basi jipya, wala kuongeza siti kwa basi la zamani, mpaka kuwe na karatasi ya mizani ya basi tupu, kila ekseli peke yake, na hesabu ya siti zote zikijaa. Hesabu ikizidi siti zipunguzwe pale pale, 2 kwa 3 irudi 2 kwa 2. Kila basi liwe na kibati ndani karibu na mlango, kwa Kiswahili, maandishi makubwa: uzito tupu, mwisho wa mbele, mwisho wa nyuma, tairi za aina gani zenye uwezo gani, watu wangapi, kilo ngapi za buti. Abiria tunajua kusoma. TANROADS mkome kupima basi ambalo abiria wamehamishwa siti au wameshushwa, mwambieni konda watu wakae walipo, na karatasi ikizidi msiishie kwenye faini, tumeni nakala LATRA na TBS yenye aina ya basi na mwaka wake. Basi aina moja ikizidi mara nyingi kutoka kampuni tofauti tofauti, wakala aitwe aeleze, na asipoeleza magari yaitwe yarudi. Tangazo litoke redioni, libandikwe stendi ya Magufuli, Msamvu, Nane Nane Dodoma, kila mahali, na namba za chesisi zake, ili dereva ajue basi analoendesha limo au halimo.

Na huyo dereva apewe mahali pa kusemea. Namba ya simu ambayo akipiga akasema basi langu linagonga nyuma na watu wa siti tu, jina lake halifiki kwa tajiri. Hawa vijana wanajua kuliko sisi wote, kuliko hata mimi fundi, kwa sababu wao ndo wanalisikia kwenye usukani masaa kumi na mawili mfululizo, lakini akifungua mdomo kesho yake basi amepewa mwingine.

Kwa kuanzia naomba kitu kimoja kidogo ambacho hakina gharama. Chukueni karatasi za Vigwaza za mabasi tu, za mwezi mmoja, mzipange kwa aina ya basi badala ya jina la kampuni, halafu muangalie ni aina zipi zinazidi nyuma. Mkinikuta nimekosea kwenye hesabu zangu za juu mniambie hadharani, nitashukuru. Mkikuta niko sawa basi mna majina ya mawakala wa kuwaita, na mimi na mafundi wenzangu wa Msamvu tuko tayari kuja kuonyesha vipande vya springi tulivyovihifadhi, tumevipanga pale gereji nyuma ya banda, kila kimoja na aina ya basi kilikotoka.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Fundi springi, Msamvu, Morogoro